Nani Alikuambia Usikilize Hii?

Katikati ya miaka ya 1940, lori liliharibika njiani kaskazini-magharibi mwa nchi ya Wasomali, na dereva wake akabaki kusubiri. Dereva huyo alikuwa Abdi Deeqsi wa Borama, ambaye watu walimjua zaidi kwa lakabu yake, Abdi Sinimo. Masimulizi ya Wasomali wenyewe yanasema kwamba pale alipokwama ndipo alipotoa kilio chake cha mapenzi, mishororo michache tu, nacho kikazaa mtindo wa balwo. Masheikh waliukemea, vijana wakaudaka. Ulisambaa kwa njia ile ile uliyozaliwa nayo, yaani kwa barabara. Lori likiingia mjini magunia yalishushwa, na jioni kwenye chai wimbo nao ukashushwa. Aliyeusikia alijua umetoka kwa nani.

Mandera inaielewa hadithi hiyo bila mkalimani. Mji huo umejibanza kwenye pembe ya mwisho ya Kenya: ukivuka upande mmoja uko Bula Hawa, Somalia, ukivuka Mto Daua uko Ethiopia. Nairobi iko mbali, karibu kilomita 1,000 kwa barabara. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 867,457 katika kaunti nzima, na kwa sehemu kubwa ya historia yao burudani imewafikia ikiwa mikononi mwa mtu anayejulikana jina na ukoo. Kanda ya nyimbo ililetwa na dereva. Filamu ilisifiwa na mwenye duka. Mshono mpya wa nguo ulionekana kwanza kwa eedo, shangazi upande wa baba, aliyerudi kutoka mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na mabegi mawili zaidi ya aliyoondoka nayo.

Leo kazi ya kusema “sikiliza hii, utaipenda” imekabidhiwa mashine. Tangu Julai 2015 Spotify humwandalia kila msikilizaji orodha yake mpya ya nyimbo kila Jumatatu, na tangu Februari 2021 huduma hiyo inapatikana Kenya. YouTube huanzisha video inayofuata kabla hujanyanyua kidole. TikTok haijisumbui hata kukuuliza unataka nini. Inakutazama unavyotazama, basi. Mashine hizi zinajengwa na makampuni tajiri, zikilishwa habari za mamilioni ya watu wa miji mikubwa. Ndiyo maana inafaa kuziangalia zikifanya kazi mahali kama Mandera, ambako habari ni haba, lugha ni nyingi, na simu moja ina wenyewe watano.

Kabla ya mashine kulikuwa na redio. Radio Mogadishu ilianza mwaka 1951, na idhaa ya Kisomali ya BBC mwaka 1957. Kwa Wasomali wa Kenya kusikiliza hakukuwa starehe tupu. Katika vita vya shifta, vya kutaka kaskazini-mashariki ijiunge na Somalia, kati ya 1963 na 1967, Nairobi iliiona Radio Mogadishu kuwa sauti ya adui, na sheria za hali ya hatari zilizowekwa kaskazini-mashariki hazikuondolewa hadi 1991. Hata hivyo mawimbi hayaombi kibali kwenye kizuizi cha polisi. Sauti za mwimbaji Magool na za kundi la Waaberi ziliingia manyattani kama zilivyoingia majumbani Mogadishu. Na msomaji wa Tanzania asijione mgeni hapa: Abdullahi Qarshe, anayehesabiwa na wengi kuwa baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali, yule aliyeuingiza udi, au kaban kama Wasomali wanavyouita, alizaliwa Moshi.

Redio ilipendekeza wimbo mmoja kwa watu wote kwa wakati mmoja. Kaseti ndiyo iliyoleta pendekezo la mtu kwa mtu.

Kuanzia miaka ya 1970 kaseti ilikuwa barua, gazeti na ukumbi wa muziki. Familia zilirekodi salamu na kuzituma kwa jamaa wa Jeddah au Nairobi. Mashairi yalisafiri hivyo pia. Mlolongo wa mashairi ya siasa uitwao Deelley, ulioanzishwa mwaka 1979 na Mohamed Hashi Dhama, maarufu Gaarriye, na kujibiwa na Hadraawi na washairi wengine, ulizunguka kwa kanda zilizonakiliwa kutoka kanda nyingine, serikali ya rais wa Somalia, Siad Barre, ikinuna. Kila aliyenakili alikuwa anapendekeza kitu kwa gharama yake mwenyewe: alinunua kanda tupu, alikaa saa nzima kinasa sauti kikizunguka, na pengine alijitia hatarini. Pendekezo la namna hiyo lina uzito ambao alama ya kupenda kwenye simu haina.

Mwenye duka la kaseti alikuwa mshauri kwa kazi. Alikumbuka ulichonunua mwezi uliopita. Aliyependa Hasan Adan Samatar alipewa kanda nyingine ya udi. Aliyependa kucheza alipewa Iftin au Dur-Dur, bendi za Mogadishu zilizochanganya fanki na midundo ya nyumbani. Mzee wa dini aliyeingia hapo hakuonyeshwa muziki hata kidogo. Alipewa tafsiri ya Kurani au mawaidha. Familia nyingi za kaskazini-mashariki zinaona muziki haufai, na kwao mtu wa kupendekezewa ni mhadhiri. Darasa za Sheikh Mohamed Abdi Umal wa Nairobi zimezunguka kwa kanda, kwa diski na sasa kwa YouTube, na anayetaka kujua ni sauti gani inayosikika zaidi katika nyumba za kaskazini-mashariki asianze kuhesabu wanamuziki peke yao.

Waliobuni mashine za kupendekeza hawakuficha walikotoa wazo lao. Mwaka 1994, katika taasisi ya MIT ya Marekani, kulikuwa na mfumo ulioitwa Ringo. Mtu alituma kwa barua pepe alama alizowapa wanamuziki anaowajua, na mfumo ukamrudishia majina ya wengine ambao huenda angewapenda. Waandishi wake, Upendra Shardanand na Pattie Maes, walieleza wazi kwamba wanajaribu kuifanya kompyuta itende kazi ya kuambizana kwa mdomo. Mwaka huo huo watafiti wa mradi wa GroupLens, akiwemo John Riedl wa Chuo Kikuu cha Minnesota, walichapisha mfumo wao wa kuchuja habari kwa maoni ya wasomaji wenyewe. Mwaka 1997 Minnesota ikaanzisha MovieLens, ya filamu.

Hapa pana sadfa tamu. Chuo hicho kiko Minneapolis, na upande wake wa magharibi umepakana na mtaa wa Cedar-Riverside. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 Wasomali waliokimbia vita, wengi wao wakiwa wamepitia Kenya na kambi za Dadaab, walikuwa wakihamia mtaani humo, hadi mji ukawa makao ya jamii kubwa kuliko zote za Wasomali nchini Marekani. Wataalamu walikuwa wakihangaika kuifundisha kompyuta jinsi jirani anavyomwambia jirani, na hatua chache kutoka hapo majirani walikuwa wakiambiana. Baadaye mtaa huo ulipata hata jukwaa: mwaka 2014 ukumbi wa Cedar Cultural Center ulianzisha mpango wa Midnimo, pamoja na chuo cha Augsburg, wa kuwaleta wanamuziki wa Kisomali kuonana uso kwa uso na wakazi.

Kanuni yenyewe haina uchawi. Mashine haijui udi ni nini wala haijawahi kulia kwenye harusi. Inachojua ni kwamba watu elfu kadhaa waliosikiliza wimbo wa kwanza na wa pili walisikiliza pia wa tatu. Wewe umesikiliza wa kwanza na wa pili, basi unaletewa wa tatu. Mifumo ya siku hizi huongeza mengine: muda uliokaa kwenye video, kama uliirudia, kama ulimtumia mwenzako, simu yako iko nchi gani na imewekwa lugha gani. Ubora wake umegharimu fedha nyingi. Netflix ilitangaza mwaka 2006 zawadi ya dola milioni moja kwa atakayeboresha makisio yake kwa asilimia 10, na washindi walipatikana mwaka 2009, miaka mitatu ya kazi ya wataalamu kutoka pembe nyingi za dunia kwa ajili ya asilimia 10. Lakini msingi haujabadilika tangu Ringo. Mashine hutafuta wanaofanana nawe na kukuletea walichopenda.

Sasa ipeleke Mandera.

Kikwazo cha kwanza ni swali: anayefanana nawe ni nani, ikiwa simu si yako peke yako? Katika nyumba nyingi simu yenye intaneti ni ya wote. Asubuhi nyanya anasikiliza mawaidha, mchana mama anafuata tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kisomali, jioni kijana anatazama magoli ya Ligi Kuu ya Uingereza, na usiku mdogo wao anatafuta katuni. Mashine inamwona mtu mmoja wa ajabu sana, mcha Mungu mwenye miaka minne anayeishabikia Arsenal, na inahangaika kumtafutia wenzake duniani.

Kikwazo cha pili ni intaneti yenyewe. Watu hununua bando la saa moja au la siku, na mtu anayehesabu megabaiti haiachi video iendelee kucheza ili mashine ipate kumsoma. Kwa miaka kadhaa, hasa kuanzia 2018, wapiganaji wa Al-Shabaab wamekuwa wakilipua minara ya simu kaskazini-mashariki, na kuna maeneo ya Mandera yaliyokaa muda mrefu bila mtandao wa Kenya. Karibu na mpaka watu wamekuwa wakitumia laini za Somalia, hasa za Hormuud. Hapo mashine inapotea zaidi, kwa sababu laini ya simu ni moja ya vitu ambavyo programu hutumia kukisia uko nchi gani. Kijana aliyesomea shule ya Kenya, anayejua nyimbo za Nairobi na anayesubiri matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, akiweka laini ya ng’ambo huanza kuhesabiwa kuwa mtu wa Somalia, na vichekesho anavyoletewa hubadilika. Upande wa pili wa barabara ndugu yake mwenye laini ya Safaricom ameletewa Nairobi nzima. Wamekula sahani moja.

Kuna pia suala la maandishi, dogo kwa kulitazama, ila lina hasara. Tangu mwaka 1972 Kisomali kina tahajia rasmi ya herufi za Kilatini, ambayo kwayo mwimbaji Hasan Adan Samatar huandikwa Xasan Aadan Samatar. Wasomali wa Kenya, waliojifunza kusoma kwa Kiswahili na Kiingereza, huandika jina kama wanavyolisikia. Nyimbo za mtu mmoja zinawekwa kwa majina matatu manne, hesabu ya wasikilizaji inagawanyika, na mbele ya mashine gwiji anaonekana kama chipukizi wanne wasiojulikana. Kigarre, ambacho ni lugha ya nyumbani kwa watu wengi wa Mandera, kina hali mbaya zaidi, maana maandishi yake ni machache mno.

Kwa hiyo binadamu hajaachishwa kazi. Kama ilivyo katika miji mingi ya Kenya, kuna maduka ya simu yanayojaza nyimbo na filamu kwenye kadi ya memori au flashi. Mteja hataji majina ishirini. Anasema anataka za harusi, au za zamani, au za safari, na mwenye kompyuta anajua. Kutoka hapo faili huruka simu hadi simu kwa programu za Xender au SHAREit bila kula bando hata senti. Mtu wa Nairobi aliyezoea kutuma kiungo tu asikicheke kitendo hiki. Anayepokea faili amepata wimbo wenyewe, na mnara ukianguka kesho wimbo unabaki.

Filamu zina utamaduni wake. Mahali pengine Kenya, DJ Afro alijenga jina kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani, na watu walichagua filamu kwa sauti yake kabla ya kuuliza mchezaji ni nani. Wasomali wana kitu kinachokaribiana nacho: Hindi af Soomaali, filamu za Kihindi zilizotiwa sauti za Kisomali. Anayetafuta kwenye YouTube kwa maneno hayo matatu atafungua ghala ambalo halina mwisho. Kwa mashabiki wengi jina la watia sauti lina uzito kuliko la mwongozaji aliye Mumbai, na ndiyo maana pendekezo la kawaida linataja toleo: usitazame ile, tazama hii, watu wake wanaongea vizuri. Programu inayopanga filamu kwa mwaka, mchezaji na aina haina mahali pa kuandika neno hilo.

Ipo pia filamu moja ambayo mtu wa Mandera hahitaji mashine imweleze kwa nini aitazame. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, Al-Shabaab walivamia basi lililokuwa likienda Mandera. Abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo, na wanawake waliwapa wenzao hijabu ili wasitambulike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki dunia Januari 2016. Watengenezaji wa filamu kutoka shule ya Hamburg, Ujerumani, wakiongozwa na Katja Benrath, walikigeuza kisa hicho kuwa filamu fupi ya Kiswahili na Kisomali, Watu Wote, ambayo ilifika kwenye orodha ya wawaniaji wa Oscar mwaka 2018. Haifiki nusu saa.

Katika michezo, mandhari ni tofauti kidogo, kwa sababu mchezo unaotamba zaidi kwa wazee hauna haja ya chaji. Shax huchorwa mchangani: miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, imeunganishwa kwa mistari katikati ya kila upande. Kila mchezaji ana vipande 12, huyu mawe, yule vijiti au chochote kilicho karibu. Lengo ni kupanga vitatu kwenye mstari, mpango unaoitwa jare, ndipo ule kipande cha mwenzako. Wazungu wana mchezo wa jamaa yake, ila shax ina masharti yake: wakati wa kupanga hakuna kula, hata ukitengeneza jare; kula huanza vipande vyote vikishakaa. Na mwenzako akibanwa asiwe na pa kusogea, ni wajibu wako kumfungulia njia.

Ila mchezo wenyewe ni nusu ya burudani. Nusu nyingine ni watazamaji, ambao kila mmoja ana ushauri na hakuna aliyeombwa. Zipo programu za shax za simu, na ni nzuri kwa kujifunzia, lakini simu haina mzee anayekupigia kelele kwamba umeharibu. Vijana wanaelekea kwenye ludo ya simu na kwenye mpira. Dream League Soccer imeenea Kenya kwa sababu mbili zisizohusiana na ubora wa picha: huchezeka bila intaneti na haijazi simu ndogo. Kwenye chumba cha PlayStation, unapolipia mechi moja moja, hakuna anayependekeza mchezo mpya. Fedha ni ya kumshinda jirani.

Wanawake nao wana mtandao wao wa mapendekezo, na pengine ndio wenye nguvu kuliko yote: mavazi na hina. Dirac, lile gauni pana jepesi la sherehe linalovaliwa na gorgorad chini yake, haliagizwi kwa kuangalia picha ya mwanamitindo. Linaonekana harusini, likiwa mwilini mwa mtu wanayemjua, na kabla pilau haijapakuliwa ameshaulizwa amelinunua kwa nani. Jibu mara nyingi linaishia Eastleigh. Biashara ya mtaa huo wa Nairobi ilipanuka kutoka Garissa Lodge, nyumba ya kulala wageni ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakimbizi waligeuza vyumba vyake kuwa maduka, wakilala na kuuza mle mle. Bidhaa zilitoka Dubai, zikapanda basi hadi Garissa, Wajir na Mandera. Nyingine zimeingia kupitia Bula Hawa, ingawa mpaka wa Kenya na Somalia ulifungwa rasmi mwaka 2011. Ufunguzi wake uliotangazwa Mei 2023, Mandera ikiwa ya kwanza, uliahirishwa Julai baada ya mashambulizi.

Siku hizi picha za dirac huenda kwa WhatsApp. Muuzaji anazituma kwa kundi, wanawake wanajadili rangi, mmoja anasema kitambaa kile kinachuja, na mjadala unafungwa. Neno lake linaaminika kwa kuwa atakutana nao kesho.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa ya mashine na mtu, na inafaa isemwe bila kupendelea. Mtu anawajibika kwa pendekezo lake. Mashine ikikuletea upuuzi saa nzima, haina uso wa kuona haya. Lakini uwajibikaji huo una bei, na anayeilipa zaidi ni kijana, hasa msichana. Mwenye duka la kaseti alijua ulichonunua, na mjomba wako alimjua mwenye duka. Katika mji ambao kila pendekezo lina jina, kila swali lina jina pia. Msichana anayetaka kusikia wimbo wa mapenzi, kutazama fundi wa hina wa Sudan akichora, au kufuatilia mwanamke anayecheka mbele ya kamera, halazimiki tena kumwomba mtu. Mashine haina kwao. Kwa wengine hicho ni kipaji chake kikubwa kuliko ustadi wowote wa hesabu.

Si jambo la mzaha, kwa sababu kupenda muziki kumewahi kuadhibiwa. Aprili 2010 kundi la Hizbul Islam liliagiza redio za Mogadishu ziache muziki, na baadhi ya stesheni zikajaza nafasi za nyimbo kwa milio ya jogoo na risasi. Huku Kenya, mwaka 2007, Shiine Akhyaar Ali wa kundi la Waayaha Cusub, lililoanzia Eastleigh, alipigwa risasi jijini Nairobi. Alipona, na kundi likaendelea kuimba dhidi ya watu wenye bunduki. Agosti 2023 serikali ya Somalia ilitangaza kuzuia TikTok na Telegram, na mwezi huo huo ombi la kutaka TikTok ipigwe marufuku lilifikishwa Bunge la Kenya. Hoja hazikufanana, lakini zote zilitokana na wasiwasi mmoja: watoto wanapendekezewa mambo na nani?

TikTok yenyewe imeonyesha inaweza kufanya nini ikipata nafasi. Mwaka 2021 Nimco Happy, mwimbaji wa Kisomali aliyejulikana na watu wake tu, alivuma duniani kwa Isii Nafta, wimbo unaomwambia mpenzi neno lile lile kwa Kisomali, Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Cardi B na Trevor Noah waliusambaza, na kampuni ya muziki ya Polydor ikauchukua. Hakuna mwenye duka wala dereva ambaye angeufikisha Los Angeles. Ila ukitazama vizuri, hata mashine iliupata kwa sababu Wasomali wa kila bara walikuwa wakitumiana kwanza. Ilikuja kuukuta umeshapendekezwa.

Na kuna vitu ambavyo mashine isingeviona kabisa bila mikono ya watu. Siad Barre alipokuwa anakaribia kuupiga mji wa Hargeysa kwa ndege mwaka 1988, wafanyakazi wa redio na wapenzi wa muziki walizificha kanda, nyingine zikizikwa ardhini. Miaka mingi baadaye kituo cha utamaduni cha Hargeysa kilikusanya zaidi ya kaseti 10,000, na kutoka hazina hiyo kampuni ya Ostinato ilitoa mwaka 2017 mkusanyo wa Sweet as Broken Dates, uliowania Grammy. Kilichozikwa sasa kinapendekezwa na Spotify kwa mtu wa Tokyo.

Msomaji anayetaka pa kuanzia apewe basi mapendekezo ya mwandishi, ambayo mwandishi atayajibia. Aanze na Gargar, kundi la wanawake wa Garissa lililorekodi Garissa Express chini ya Ketebul Music ya Tabu Osusa. Ngoma na sauti za kupokezana zina ladha ya harusi ya kaskazini-mashariki kuliko kitu chochote kilichotoka Mogadishu. Akichoka kucheza, atafute qaraami yoyote, zile nyimbo za mapenzi zinazopigwa kwa udi, na ajaribu tahajia mbili za jina la mwimbaji kabla ya kukata tamaa. Dur-Dur Band aiweke ya mwisho, na sauti juu. Kwa shax atahitaji mchanga, mawe 12, vijiti 12, na mtu wa Mandera asiyependa kushindwa.